Jina Kwenye Nguzo ya Kibanda cha Gari

Nafula, mama yangu,

Salamu tumeshapeana asubuhi pale jikoni, kwa hivyo sizirudii. Saa hii ni saa nane na nusu mchana, jua bado lipo. Wewe umeenda Kiminini kumuaga shangazi yako, na umeenda kwa pikipiki ya watu, maana umetaka gari ikae hapa ishibe jua kwa ajili ya safari ya kesho. Mimi nimevuta kiti cha plastiki nimekaa chini ya kibanda, karibu na gari, na daftari lako la shule lililobaki na kurasa nyeupe. Ninachunga vitu viwili: barua hii na kuku wa mama yako. Hao kuku wamegundua kwamba juu ya paneli za sola za paa hili kuna joto tamu, wanapanda huko wanasimama kama wakubwa. Kila nikiandika kidogo nainuka na ule mti mrefu wa kuangulia avokado, nawafukuza. Ukiona mahali maneno yamekatika, ujue ni kuku.

Utajiuliza kwa nini baba yako anaandika wakati mdomo anao, tena mkubwa. Ni kwa sababu mdomo huo naujua. Nikianza kusema "hapa nilikosea", kabla sijafika mwisho umeshageuka unaeleza vile nilivyokuwa shujaa. Karatasi hainipigii makofi. Niliacha shule darasa la nne, na herufi zangu zimelala kama mahindi yaliyopitiwa na upepo, lakini wewe umezoea kunisoma hata nikinyamaza.

Mambo ya blanketi, ya kuchemsha maziwa, ya kufuli mbili mlangoni na ya majirani usiowajua, mama yako ameyasema tangu Jumapili, na najua ameweka mengine ya kesho asubuhi. Hayo mimi nayapita.

Nianze na siku uliyoileta gari hapa. Uliingia nayo hadi uani na hakuna aliyesikia. Mama yako alikuwa amegeuka anapepeta maharagwe, akageuka tena akaikuta nyuma yake, akaruka na ungo wake.

"Nani ameniwekea paka hapa?"

Na tangu siku hiyo jina lake ni Paka. Mimi niliizunguka mara mbili, nikakwambia fungua mbele, nikatafuta injini.

"Baba, hakuna injini kama ile unayoijua. Inatumia stima ya betri."

"Basi wamekuuzia kabati," nikasema.

Mimi niliyeendesha trekta ya shamba kubwa miaka ishirini, trekta ambayo nikiiwasha hapa mtu wa Kimilili anaisikia, anaangalia saa! Niliona aibu kwa niaba yako. Umefunga sola kwenye mashamba ya watu miaka sita, umejinyima, halafu unarudi na kitu kisichoweza hata kukohoa.

Halafu ukasema unataka kujenga kibanda cha gari hapa uani, na paa lake lisiwe mabati, liwe paneli zenyewe. Gari ikae kivulini, na lile jua linaloipiga kichwani ndilo liilishe. Nilikataa wiki tatu. Nikasema hapo ni mahali pa ghala langu. Ghala lenyewe nilikuwa sijaliwaza hata siku moja kabla ya hapo. Nilipochoka kukataa nikakubali, lakini nikatoa sharti: paneli ziangalie barabara, upande wa magharibi, kila mtu anayekwenda Kitale azione.

"Baba, jua la hapa ni la asubuhi," ukasema. "Mchana mawingu yanashuka kutoka Mlima Elgon, jioni inanyesha. Tukiangalia magharibi tutakuwa tunachaji mvua."

"Mimi naitwa Simiyu. Nimezaliwa kiangazi. Wewe umezaliwa mvua ikinyesha, ndiyo ukaitwa Nafula. Sasa wewe utanifundisha mimi jua?"

Ulicheka. Nilipoenda matanga ya siku nne kule Naitiri, ukasimika nguzo zote nne vile ulivyotaka, paneli ziangalie mashariki. Nimerudi nimekuta simiti bado mbichi. Nilikasirika, bana! Na kwa kuwa sikuweza kuzing'oa, nilitafuta msumari, nikainama kwenye mguu wa nguzo ya kushoto, nikaandika kwenye simiti: KAZI YA MZEE SIMIYU. Nilianza na herufi kubwa mno, nafasi ikaisha, Simiyu likapinda kona likamalizikia upande wa pili wa nguzo.

Wewe ulikuwa umesimama pale na kipimo chako cha maji cha kunyooshea nguzo mkononi. Siku nne umechimba, umemwaga simiti, umepima. Nilingoja upige kelele.

"Baba," ukasema, "jina limepinda kona."

Basi. Ukaendelea kupima.

Mama, nimezunguka nguzo hiyo mwaka mzima sasa, na kila nikipita ninaona hilo jina. Mwanzoni nilikuwa naona raha. Ngoja nikueleze vile raha hiyo ilivyoisha.

Mahindi unayakumbuka. Huwezi kuyasahau, maana kila mgeni akija mama yako anamsimulia kabla hata hajamkaribisha kiti. Lakini hajawahi kusimulia vile mimi nilivyoona. Tulikuwa tumevuna, mvua imekataa kuisha, mahindi mabichi, na mahali pa kuanika hakuna. Nikainua macho nikaona paa lako. Jeusi. Laini. Lina joto. Liko juu, mbuzi hafiki. Nakwambia mkulima yeyote wa Trans Nzoia angeona nilichoona mimi! Nikaleta ngazi. Na kwa sababu mimi si mjinga, nikatandika magunia kwanza nisije nikakwaruza kioo chako, nikapigilia ubao ukingoni yasibingirike, nikapanga mahindi juu ya magunia, safi, mistari kama ya shamba.

Jioni ukarudi. Asubuhi ya kesho yake ulikuwa na kazi ya pampu Endebess. Ukaitazama Paka, haina kitu. Ukafungua kile kisanduku cha ukutani, ukapima waya mmoja baada ya mwingine, ukampigia simu rafiki yako, ukapima tena. Mimi nimekaa barazani na kikombe cha chai.

"Si nilikwambia hiyo ni kabati?"

Ukainama chini ya paa, na hapo hindi moja likateleza pale ubao ulipoachia nafasi, likakuangukia begani. Ukalitazama. Ukatazama juu. Ukanitazama mimi. Halafu ukakaa chini kwenye matope ukacheka mpaka mama yako akatoka jikoni akidhani unalia.

"Baba, umeifunika blanketi!"

"Lakini yamekauka," nikasema. Na mpaka leo nasema, yalikauka kuliko ya mtu yeyote upande huu.

Ndipo ukanieleza lile neno ambalo hakuna fundi mwingine angenieleza. Uliniuliza kama nakumbuka tulivyolima na ng'ombe wanne kwenye nira. Mmoja akilala mtaroni, inakuwaje?

"Wote wanasimama."

"Paneli ni hivyo hivyo, baba. Zimefungwa pamoja. Kivuli kikilalia moja tu, zingine zinamngoja huyo aliyelala."

Niliona kitu chote wakati huo, wazi, kama mtu amewasha taa chumbani. Sijawahi kuelewa jambo upesi hivyo. Na unakumbuka nilisema nini?

"Hiyo nilikuwa najua."

Sasa sikiliza. Maneno hayo matatu ndiyo yamekula maisha yangu. Hili sijawahi kukwambia, wala mama yako simwambii yote. Lile shamba kubwa nilikoendesha trekta, wewe unajua niliacha kazi kwa sababu ya mgongo. Mgongo ulikuwa mzima. Walileta mashine mpya ya kuvunia, kubwa kama nyumba, na msimamizi akatupanga mstari tuliokuwa madereva. Akaniuliza mimi kwanza, maana ndiye niliyekuwa mkubwa wao.

"Simiyu, hii unaijua?"

"Hiyo najua."

Aliyenifuata alikuwa Hamisi, kijana wa pale mjini Kitale aliyekuwa anakaa karibu na msikiti. Akaulizwa hivyo hivyo.

"Siijui. Nionyeshe."

Sisi tukamcheka. Mimi nikapanda, nikavuta chuma kimoja nilichodhani ni cha kwenda mbele, mashine ikarudi nyuma ikaingia zizi la ndama. Ndama hawakuwemo, Mungu ni mkubwa. Hamisi akaonyeshwa siku mbili, akaendesha mashine hiyo mpaka alipozeeka. Mimi nikarudi nyumbani na mgongo. Tulikutana naye sokoni mwaka juzi, akaniuliza kwa heshima kabisa, "Mgongo unaendeleaje, mzee?" Na mimi nikajishika kiuno!

Ungedhani mtu aliyeingiza nyumba ya chuma ndani ya zizi angejifunza. Hapana. Nilikuwa naenda kufanya kubwa zaidi.

Mwalimu Barasa alipokuja hapa kutoka Bumula, wewe ulikuwa kazini. Mwalimu mstaafu, mtu wa kofia na shati lililopigwa pasi. Mwanawe amempa gari ya stima kama Paka, na amesikia Kitale kuna kibanda kinacholisha gari kwa jua. Akazunguka, akashika nguzo, akainama, akasoma.

"Kazi ya Mzee Simiyu. Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

Hata mate sikumeza. Kumbuka, mama, sikupanga kudanganya. Nguzo ilikuwa imeshadanganya kabla yangu, mimi nilikubaliana nayo tu. Halafu nikamweleza habari ya ng'ombe wanne na nira, yote, mpaka ule wa mtaroni, kama mtu aliyeitunga mwenyewe.

"Mzee," akasema, "wewe ungekuwa mwalimu."

Hapo ndipo niliharibika kabisa. Nikakubali kwenda Bumula kumjengea chake. Wewe nilikwambia naenda kumsaidia kujenga boma. Nilikaa kwake wiki nzima nikila kuku. Mwalimu ana tangi la maji lililoinuliwa juu ya mbao, na mimi nikasimika nguzo zangu upande wa magharibi wa tangi hilo, paneli zikiangalia barabara, kwa sababu huko ndiko watu wanapita. Asubuhi kivuli cha tangi kinazilalia, mchana mawingu yanakuja. Waya nikamwachia fundi mmoja wa pale ambaye nilimuuliza kama anaijua kazi hiyo. Akasema, "Hiyo najua." Nilimpenda mara moja.

Hakuna kilichoungua. Lakini gari ya Mwalimu ikawa inapata kama kikombe kimoja cha uji kwa siku. Akanipigia simu.

"Mzee, gari haishibi."

"Mwalimu, jua la Bumula ni jembamba kidogo."

Nilisema hivyo. Mtu mzima, mwenye mvi.

Alipopiga tena nilikuwa nakamua, ukashika simu wewe. Sikusikia alichokwambia. Nilisikia ulichojibu tu: "Tutakuja Jumamosi." Na Jumamosi tukateremka, Kiminini, Kamukuywa, Webuye, mimi kiti cha mbele nangoja uniulize. Hukuniuliza. Gari yenyewe haina kelele, hata ya kujificha ndani yake. Tulipokuwa tunaingia Bungoma ndipo ukafungua mdomo.

"Baba, koleo tumebeba?"

"Tumebeba."

Kwa Mwalimu ulitazama kile kivuli cha tangi mara moja tu. Mara moja! Mimi nilikikalia wiki nzima sikukiona. Mwalimu akauliza huyu ni nani.

"Mimi ni msichana wa mzee," ukasema. "Amekuja nami nimshikie ngazi."

Siku mbili ulizing'oa nguzo zangu, ukazihamishia upande wa pili wa tangi, ukageuza paa, ukafungua kazi yote ya yule fundi ukaifunga upya. Na kila Mwalimu akikaribia, unainua sauti: "Baba, ulisema hapa tuweke hivi?" Na mimi nikishikilia ngazi najibu, "Ndiyo, hivyo hivyo." Ulikuwa unaniwekea maneno mdomoni kama mtu anavyomlisha mgonjwa.

Kazi ilipoisha tukaichaji Paka pale pale kwa Mwalimu, ikajaa, ikatupandisha mpaka Kitale kwa lile jua nililoliita jembamba. Kamukuywa ulisimama ukaninunulia mahindi ya kuchoma. Ukanipa, ukasema, "Baba, siku nyingine uniite."

Nikatafuna. Nikameza.

"Hiyo nilikuwa najua," nikasema.

Mungu anisamehe. Kuku wako juu tena, ngoja.

Nimerudi. Sasa nifike kwa kile ambacho hujui, na ndicho kilichonikalisha hapa.

Wewe unajua kwamba kesho unaenda Bungoma, chumba umeshapata, na kazi ya kwanza ni ya Mama Zainabu wa Kanduyi, mwenye duka la unga na tuktuk tatu za stima anazotaka kuzijengea kibanda. Unajua Mwalimu ndiye aliyemwelekeza. Kitu ambacho hujui ni kwamba Jumanne iliyopita huyo mama alipiga simu yangu. Wewe ulikuwa ndani unakunja nguo.

"Ni Mzee Simiyu, fundi?"

Nikasema ni Simiyu.

"Nimeambiwa mnakuja. Nakuomba kitu kimoja, mzee. Juu ya paa langu upande wewe. Yule msichana wako abebe waya tu, sitaki mwanafunzi ajifunzie kwangu."

Alikata simu kabla sijafungua mdomo, na kusema kweli sijui ungesema nini kama ungefunguka. Nilisimama pale uani. Nakusikia ndani unaimba, unakunja nguo za kwenda kuanza maisha yako, na mtu unayemwendea hakungoji wewe. Ananingoja mimi. Ungefika kesho na Paka yako na vyombo vyako, akuulize, "Baba yako yuko wapi?" Nilikuwa nimekula jina lako lote, mama, na sikujua hata nilianza kula lini. Lakini nikapita kwenye nguzo nikaona nilianza lini.

Siku ya Alhamisi nilisema naenda Naitiri kutafuta chumvi ya ng'ombe. Sikwenda Naitiri. Nilienda Bumula. Nimemkuta Mwalimu anaosha gari, nikamwambia nikiwa bado nimesimama, maana ningekaa ningeanza na hadithi.

"Mwalimu, kibanda cha Kitale sikujenga mimi. Na hiki chako, kile kibovu ndicho nilichojenga. Hiki kizuri ni cha msichana wangu."

Akaendelea kuosha.

"Mzee, nimefundisha watoto tangu nikiwa na nywele. Mtoto anayenakili kwa jirani namjua. Msichana anauliza, 'Ulisema hivi?', na wewe unajibu ukitazama kwingine."

"Kwani ulijua? Sasa mbona ulimpa Mama Zainabu namba yangu?"

"Kwa sababu ndiyo uliyoniandikia. Kama kuna namba nyingine, si unipe?"

Nikampa yako. Akajifuta mikono, akaniingiza kwenye gari, akanipeleka Kanduyi.

Mama Zainabu ni mwanamke mfupi, anaongea huku mikono inapima unga. Nikamwambia yote.

"Kwa hivyo wewe si fundi."

"Mimi ni mkulima wa mahindi."

"Na kwa Mwalimu alijenga nani?"

"Yule uliyesema abebe waya."

Mikono ikasimama. "Jumanne ulikuwa fundi, leo si fundi. Nitajuaje huu si uongo wa pili?"

Alikuwa na haki, na Mwalimu hakunisaidia, alikuwa anasoma maandishi ya gunia. Hapo, mama, nikafanya kile ninachokiweza kuliko mtu yeyote kutoka Kitale mpaka Bungoma. Nilijisifu. Lakini nilijisifu kwa jina lako. Nilimweleza vile ulivyosimika nguzo nne peke yako mimi nikiwa matanga. Nikamweleza vile ulivyotazama tangi mara moja tu. Nikamweleza ng'ombe na nira, na nikasema ni maneno ya nani. Nikamweleza mahindi, yote, na magunia.

"Ulitandika magunia?"

"Nilitandika."

"Ili usikwaruze kioo?"

"Ndiyo, mama."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso yake, na unga ukambaki usoni. Nimejisifu tangu nilipojua kuongea, Nafula, lakini sijawahi kujisifu vizuri kama siku hiyo, na mimi mwenyewe nilikuwemo kama mjinga tu. Nilitoka pale mwepesi, hata nikasahau kununua chumvi ya uongo niliyoaga nayo. Mama yako ameniuliza mara mbili chumvi iko wapi.

Neno la mwisho la Mama Zainabu ni hili, nakuandikia kama alivyolisema: "Aje. Lakini aje akiendesha hiyo gari mwenyewe kutoka Kitale, iingie langoni kwangu bila kusukumwa. Na aniambie yeye mwenyewe pa kusimika nguzo. Wewe, mzee, ubaki na mahindi yako."

Kwa hivyo kesho siendi nawe. Nimeona umetoa masanduku kwenye kiti cha mbele ili nikae. Nimeelewa kwa nini. Ulitaka nisimame pale chini nishikilie ngazi, uinue sauti uniulize kama nilisema hivi, ili uso wangu ubaki na heshima. Rudisha masanduku, mama. Uso wangu ni mzee, umezoea kupigwa jua. Na usimfanyie mwanamume mwingine yeyote hivyo, hata akiwa na mvi, hata akiwa amekuzaa. Mimi nililishwa hivyo siku mbili nikashiba, na aliyebaki na njaa ni wewe.

Huko utakutana na mtu kama mimi. Wako wengi, na wengine wana vyeti. Atakuuliza kama kitu fulani unakijua, na watu watakuwa wanasikiliza. Kama hukijui, sema yale maneno mawili ya Hamisi. Mimi nimejaribu kuyasema jana kwa sauti nikiwa peke yangu kwa ng'ombe, "Siijui. Nionyeshe." Hayaumi kama nilivyodhani. Yanawasha koo kidogo tu. Na kama unakijua, sema unakijua, ukiwa umemtazama, usitazame kwingine kama mimi kule kwenye tangi.

Nyumba itakuwa kimya. Mama yako anasema Paka ikienda hatutajua kama imeenda, kwa sababu haina sauti. Mimi nitajua. Kibanda kitabaki kitupu, na hilo jua lote litakuwa linashuka halina wa kumlisha. Nimewaza labda nianike mahindi chini yake, chini, nimesema, siyo juu. Ukija mwezi wa kumi na mbili utakuta nafasi yako wazi na waya umening'inia.

Jua limeanza kwenda Elgon. Nimechungulia ndani ya gari kama ulivyonionyesha, kile kipimo kimejaa mpaka mwisho. Kutoka hapa mpaka Webuye unateremka, Paka inajilisha yenyewe ukishika breki taratibu. Hilo ulinifundisha wewe, na siku hiyo sikusema chochote. Lihesabu kama maendeleo.

Moja tu limebaki. Asubuhi ulisikia nyundo ukauliza ni nini, nikasema ni boma la ng'ombe. Haikuwa boma. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye nguzo ya kushoto na tindo, natoa jina langu. Ni gumu, hilo jina, lilitoka kipande kwa kipande. Nikakoroga simiti kidogo, nikapaka, nikaandika kwa msumari ule ule. Safari hii nilipima kwanza kwa kidole, herufi ndogo ndogo, na maneno yote yameenea upande mmoja: KAZI YA NAFULA.

Kesho ukichomoa waya, inama uangalie. Simiti ilipokuwa bado mbichi, kuku mmoja wa mama yako alikanyaga herufi ya mwisho, mguu mzima, vidole vyote.

Usiniambie. Hiyo nilikuwa najua.

Mimi baba yako,
Simiyu, mkulima wa mahindi.